Uchoraji wa mati

Uchoraji wa mati ni mbinu ya utengenezaji wa filamu ambapo sehemu moja ya picha huchorwa kwa mkono au kwa kompyuta, kisha huunganishwa na sehemu nyingine iliyopigwa kwa kamera pamoja na waigizaji, hata mtazamaji azione zote mbili kama mahali pamoja. Kwa njia hii filamu huweza kuonyesha jiji, jumba, mlima au zama ambazo haziwezi kujengwa, kufikiwa wala kulipiwa.

Mbinu hii ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa rangi na kioo. Tangu miaka ya 1990 hufanywa zaidi kwa programu za kompyuta. Afrika Mashariki imehusika nayo kwa namna mbili. Kwanza, mandhari yake imechorwa na kuigwa mara nyingi katika studio za ng'ambo. Pili, watengenezaji filamu wa eneo hilo wameitumia, pamoja na mbinu zinazofanana nayo, kusimulia hadithi ambazo bajeti zao zisingeziruhusu.

## Jina

*Mati* ni neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Katika upigaji wa filamu ni kifuniko, kwa kawaida cheusi, kinachozuia mwanga usifike kwenye sehemu fulani ya mkanda. Sehemu iliyozuiwa hubaki haijapigwa picha, hivyo kitu kingine kinaweza kupigwa hapo baadaye. Jina basi limetokana na kifuniko hicho, si na mchoro wenyewe.

Uchoraji wa mati hutofautishwa na mbinu tatu zilizo karibu nao:

* Pazia la mandhari ni kitambaa au ukuta uliochorwa unaowekwa nyuma ya mtu, kama ilivyo katika studio za picha na kwenye jukwaa la maigizo.
* Kutupia picha kwa nyuma ni kuonyesha filamu iliyokwisha kupigwa kwenye skrini iliyo nyuma ya waigizaji, kisha kuwapiga pamoja nayo.
* Skrini ya kijani ni kitambaa cha rangi moja ambacho kompyuta hukiondoa na kuweka picha nyingine mahali pake. Mara nyingi picha hiyo mpya ni mchoro wa mati.

## Misingi

Mchoro wa mati haulengi kupendeza ukitazamwa peke yake. Lengo lake ni kutotambuliwa. Mchoro wa zamani ukitazamwa kwa karibu unaweza kuonekana kuwa na mapigo mapana ya brashi na maeneo yasiyomaliziwa, kwa sababu mchoraji alichora kile ambacho lenzi ingeona kwa sekunde chache tu. Mambo manne huamua kama jicho litadanganyika:

* Upeo na umbali. Mistari ya kuta, mapaa na barabara iliyochorwa lazima ielekee palepale inapoelekea mistari ya sehemu iliyopigwa kwa kamera. Upeo wa macho ukipishana hata kidogo, majengo huonekana yakielea.
* Mwanga. Jua la kwenye mchoro lazima litoke upande uleule wa jua lililowaangazia waigizaji, na vivuli viwe na urefu uleule.
* Hewa. Vitu vya mbali hupauka na kupoteza rangi, hasa penye unyevu au vumbi. Mlima wa mbali ukichorwa kwa rangi kali huonekana kama kipande cha karatasi.
* Kiungo. Mstari ambapo mchoro unakutana na picha halisi hufichwa kwenye ukingo wa asili, kwa mfano juu ya ukuta, kwenye kingo za paa au nyuma ya miti.

## Mfano: mtaa wa Buguruni

Kazi ya mchoraji inaeleweka kwa urahisi kwa mfano wa mahali panapojulikana. Buguruni ni kata ya Wilaya ya Ilala jijini Dar es Salaam, penye makutano ya Barabara ya Uhuru na Barabara ya Mandela. Leo ni eneo la soko, vituo vya daladala, bodaboda, mabango na nyaya za umeme. Katika miaka ya 1950 lilikuwa pembezoni mwa mji, na lilijaa nyumba za Kiswahili zenye kuta za miti na udongo na baraza mbele. Filamu inayotaka kuuonyesha mtaa wa wakati ule haiwezi kuufunga mtaa wa leo wala kubomoa maghorofa. Inaweza kuendelea hivi:

1. Kuchagua pembe. Hutafutwa uchochoro wenye ardhi ya mchanga na angalau baraza moja ya zamani. Kamera hufungwa kwenye miguu mitatu na haisogezwi tena. Urefu wake kutoka ardhini, pembe yake na aina ya lenzi huandikwa.
2. Kuweka mpaka. Mstari hupangwa, tuseme juu ya mlango wa nyumba. Chini ya mstari huo kila kitu ni halisi: mchanga, baraza, kuku, mama muuza vitumbua na mteja wake. Juu yake kila kitu kitachorwa.
3. Kupiga. Waigizaji hufanya kazi yao bila kuvuka mpaka. Katika mbinu ya zamani, kichwa kilichopita juu ya mstari kilikatika. Siku hizi kompyuta inaweza kukirudisha, lakini kazi huongezeka.
4. Kuchora. Mchoraji huondoa nyaya, mabango na maghorofa, na kuweka mapaa ya makuti, minazi na anga.
5. Kuunganisha. Sehemu mbili huwekwa pamoja, rangi husawazishwa, na mwendo mdogo huongezwa, kama moshi wa jiko au makuti yanayotikisika, kwa sababu picha isiyo na mwendo wowote humshtua mtazamaji.

Mfano huu unaonyesha pia kwa nini mchoraji anahitaji kuijua sehemu anayoichora. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo adhuhuri jua huwa juu sana. Mwezi Juni huegemea kaskazini, na mwezi Desemba huegemea kusini. Vivuli vya saa sita mchana ni vifupi. Mchoraji anayenakili picha za miji ya Ulaya, ambako vivuli vya mchana wa majira ya baridi ni virefu, atatoa mtaa ambao mkazi wa Dar es Salaam atahisi hauko sawa hata kama hawezi kusema kosa liko wapi. Vivyo hivyo kwa makuti, mteremko wa paa na umbo la mnazi.

## Historia

### Kioo

Mmarekani Norman Dawn anatambuliwa kuwa wa kwanza kutumia mbinu hii katika filamu. Mwaka 1907, katika filamu *Missions of California*, alitaka kuonyesha majengo ya kale ya misheni yaliyokuwa yamebomoka. Alisimamisha kipande cha kioo kati ya kamera na jengo, akachora juu ya kioo mapaa na kuta zilizokosekana, na kuacha wazi sehemu iliyobaki. Kamera ilipotazama kupitia kioo, iliona jengo zima.

Mbinu hiyo ingeweza kutumika vilevile kwa magofu ya pwani ya Waswahili. Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa huko Kilwa Kisiwani, ambazo ni sehemu ya Urithi wa Dunia tangu 1981, bado zina kuta na matao ya kutosha kwa mchoraji kumalizia mapaa na kuba bila mtu kugusa jiwe hata moja. Kwa mahali pa aina hii mchoro una faida kuliko ujenzi wa seti, kwa kuwa hauharibu kitu.

Ugumu wa kioo ulikuwa muda. Mchoraji alifanya kazi mahali pa kupigia huku waigizaji wakisubiri na jua likisogea. Mchoro uliolingana na vivuli vya saa tatu asubuhi haukufaa tena saa sita.

### Mkanda uliozuiwa

Dawn alitatua tatizo hilo kwa kutumia mati yenyewe. Badala ya kuchora papo hapo, sehemu ya juu ya picha ilifunikwa kwa rangi nyeusi, na waigizaji wakapigwa katika sehemu ya chini. Mkanda haukusafishwa, ulihifadhiwa gizani. Kipande kifupi tu kilisafishwa ili mchoraji akitumie kama kielelezo studioni. Mchoro ulipokamilika, sehemu ya waigizaji ilifunikwa kwa zamu yake, na mkanda uleule ukapitishwa tena kwenye kamera kupiga mchoro.

Picha iliyopatikana ilikuwa safi kwa sababu zote mbili zilikuwa kwenye mkanda wa asili. Hatari yake ilikuwa kwamba kosa moja katika hatua ya pili liliharibu pia kazi ya waigizaji, ambayo pengine isingeweza kurudiwa. Baadaye mashine za kunakili filamu ziliruhusu kuunganisha nakala, jambo lililopunguza hatari hiyo lakini likapunguza pia ubora wa picha.

### Zama za studio kubwa

Kuanzia miaka ya 1930 studio kubwa za Marekani na Uingereza zilikuwa na idara maalumu za wachoraji mati. Jiji la Zumaridi katika *The Wizard of Oz* (1939), majumba mengi ya *Gone with the Wind* (1939) na kasri la Xanadu katika *Citizen Kane* (1941) yalitegemea michoro yao. Ili kuonyesha taa za usiku, baadhi yao walikwangua matundu madogo kwenye rangi na kuwasha mwanga nyuma ya mchoro.

Mfano unaotajwa sana ni *Black Narcissus* (1947), hadithi ya watawa katika milima ya Himalaya. Filamu hiyo ilipigwa Uingereza, hasa katika studio za Pinewood, na milima na mabonde yake yalichorwa chini ya Walter Percy Day. Mpiga picha wake, Jack Cardiff, alipata Tuzo ya Oscar.

Peter Ellenshaw, mwanafunzi na mtoto wa kambo wa Day, alichora anga na mapaa ya London kwa ajili ya *Mary Poppins* (1964) na kushiriki Oscar ya athari maalumu. Mwanawe, Harrison Ellenshaw, alichora kwa ajili ya *Star Wars* (1977). Albert Whitlock alitambuliwa kwa *Earthquake* (1974) na *The Hindenburg* (1975). Katika *Raiders of the Lost Ark* (1981), ghala kubwa lenye makasha yasiyohesabika linaloonekana mwishoni ni mchoro wa Michael Pangrazio.

### Kompyuta

Katika *Young Sherlock Holmes* (1985), Chris Evans alichora kwa kompyuta sehemu za shujaa wa kioo anayetoka dirishani. *Die Hard 2* (1990) ilikuwa filamu ya kwanza kuunganisha mchoro wa mati wa rangi na picha halisi kwa njia ya kompyuta. Mwaka huohuo programu ya Photoshop ilianza kuuzwa. Mmoja wa waanzilishi wake, John Knoll, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya athari maalumu ya Industrial Light & Magic. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 rangi na kioo vilikuwa vimekaribia kutoweka.

Mchoraji wa leo huanza na mamia ya picha za kamera, huzikata, huzipanga kwa matabaka, kisha huchora juu yake. Matabaka hayo yanaweza kubandikwa juu ya maumbo ya pande tatu ndani ya kompyuta, hivyo kamera iliyokuwa lazima itulie sasa inaweza kusogea, na majengo ya karibu yakapita haraka kuliko ya mbali. Tangu *The Mandalorian* (2019), baadhi ya studio huonyesha mandhari ya kompyuta kwenye kuta kubwa za taa zinazowazunguka waigizaji, na mwanga wa mandhari hiyo huwaangukia moja kwa moja.

## Afrika Mashariki

### Eneo lililochorwa na wengine

Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilituma kikosi Afrika Mashariki kupiga *Trader Horn*, iliyotolewa 1931. Picha zilizobaki zilitumika tena katika *Tarzan the Ape Man* (1932). Waigizaji walisimama studioni California, na wanyama na watu wa Afrika Mashariki wakatupiwa nyuma yao. Mwamba mkubwa wa Mutia, unaotenganisha nchi ya Tarzan na dunia nyingine katika filamu hizo, ulichorwa. Haupo kwenye ramani yoyote. Kwa watazamaji wengi wa nje, "Afrika" ya sinema ikawa mchanganyiko huo wa vipande halisi na rangi.

*The African Queen* (1951) ilipigwa na Jack Cardiff yuleyule wa *Black Narcissus*, safari hii akiwa Uganda na Kongo. Hata hivyo, matukio ya waigizaji wakuu wakiwa ndani ya maji yalimaliziwa katika matangi ya studio London, kwa kuhofia afya zao.

Katika *The Lion King* ya 2019, watengenezaji walikwenda Kenya kukusanya picha za kuigia, kisha mandhari yote ikatengenezwa kwa kompyuta isipokuwa picha moja: macheo ya mwanzo wa filamu. *Black Panther* (2018), ambayo Mkenya Lupita Nyong'o ni mmoja wa nyota wake, ilipigwa kwa sehemu kubwa Atlanta, Marekani. Nchi ya kubuni ya Wakanda ilipatikana kwa kuunganisha majengo ya kompyuta na picha za angani zilizopigwa Afrika, zikiwemo za misitu na milima ya Uganda.

### Mapazia na studio za picha

Kabla ya kompyuta, ustadi ulio karibu zaidi na uchoraji wa mati katika pwani ya Afrika Mashariki ulikuwa katika studio za picha. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walijulikana katika miaka ya 1990 kwa mapazia yenye meli, ndege na miji ya ndoto, ambayo wasafiri walisimama mbele yake. Huko Lamu, Omar Said Bakor, mwenye Studio ya Bakor, aliunganisha vipande vya picha tofauti katika chapa moja, mtu akaonekana ndani ya ua au kitu kingine. Kazi yake ilitumia wazo lilelile la mati: kuzuia sehemu moja ili nyingine ikae mahali pake.

### Watengenezaji filamu wa Afrika Mashariki

Mfano ulio wazi zaidi ni *Pumzi* (2009), filamu fupi ya kubuni ya kisayansi ya Mkenya Wanuri Kahiu. Inahusu jumuiya ya Maitu, inayoishi ndani ya jiji lililofungwa baada ya vita vya maji, huku nje kukidhaniwa kuwa kumekufa. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapata udongo wenye uhai na kutoka kwenda kupanda mche. Katika matayarisho Kahiu alichunguza filamu za miaka ya 1950 na mbinu zake za uchoraji wa mati na kutupia picha kwa nyuma, akazilinganisha na sanaa za Kiafrika. Filamu hiyo ya dakika 20 hivi, iliyopigwa Afrika Kusini kwa bajeti ndogo, ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance mwaka 2010.

Nchini Uganda, Isaac Nabwana alitengeneza *Who Killed Captain Alex?* (2010) katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Alitumia kitambaa cha kijani na kompyuta alizoziunga mwenyewe kuweka helikopta na milipuko juu ya picha za jiji. Huu si uchoraji wa mati kwa maana kamili, lakini unategemea kanuni zilezile za kiungo, mwanga na umbali.

Nchini Tanzania filamu za Bongo, zilizoshamiri tangu miaka ya 2000, zimepigwa kwa sehemu kubwa katika nyumba na mitaa halisi ya Dar es Salaam. Hilo limefaa kwa hadithi za ndoa, familia na maisha ya mjini ya wakati huu. Hadithi za kale, kama za Kilwa, vita vya Majimaji au Dar es Salaam ya kabla ya Uhuru, zinahitaji mahali ambapo hapapo tena.

## Mipaka na mjadala

Mchoro wa mati hauwezi kuchukua nafasi ya kila kitu. Mwigizaji hawezi kuugusa wala kuingia ndani yake, kwa hiyo sehemu anayoikanyaga bado inahitaji kujengwa au kupatikana. Ukitumika kupita kiasi, filamu nzima huonekana ya bandia.

Hoja nyingine inahusu kutambuliwa. Kwa miongo mingi majina ya wachoraji hayakuandikwa kwenye filamu, kwa sababu studio hazikutaka watazamaji wajue kwamba walichokiona kilichorwa. Vioo vingi vilikwanguliwa ili vitumike tena au vilitupwa, na michoro hiyo sasa imebaki ndani ya filamu tu.

Programu zinazotengeneza picha kutokana na maelezo ya maandishi zimeleta suala jipya. Zinaweza kutoa mandhari kwa dakika chache, lakini hutegemea picha zilizokwisha kukusanywa. Mahali penye picha chache za zamani, kama mitaa ya uswahilini ya miaka ya 1950, programu inaweza kujaza pengo kwa nyumba na miti ya kwingineko. Hapo kazi ya mtu anayeijua sehemu, au ya mzee anayeikumbuka, bado inahitajika.

Kwa upande wa gharama, vifaa si kikwazo kama zamani. Programu za Blender, GIMP na Krita hutolewa bure, na zinatosha kwa kazi yote iliyoelezwa katika mfano wa Buguruni. Kinachobaki ni muda, kompyuta, umeme wa uhakika na jicho lililofundishwa kutazama.